Nyuma ya Risiti

Nyimbo zake aliziandika nyuma ya risiti za mizani,
kiwandani, pale kahawa inapokobolewa.
Mbele: magunia sitini na mawili, daraja la pili, unyevu umezidi.
Nyuma: Mama Nderingo, nirudishie koti langu,
baridi ya Uru haina adabu.

Mimi nilipiga manyanga. Nasema haya kama mpiga manyanga,
mtu anayesimama nyuma na kujua visogo vya wote.

Aminieli Kisoka hakujua gita. Wala kuimba hakujua,
sauti yake ilikwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga.
Alikuja mazoezini Majengo na vumbi la maganda kwenye nyusi,
akagonga meza kwa kijiko, akanung'unika,
nasi tukapandisha tarumbeta juu ya ule mnung'uniko.

Kiongozi wa bendi alimlipa shilingi ishirini kwa wimbo,
thelathini ukiwa wa mapenzi yaliyokufa.
Santuri ilipotoka, jina lilikuwa la kiongozi.
Aminieli alilisoma polepole,
akairudisha santuri kwenye ganda lake,
akauliza kama chai imebaki.

Mwaka mmoja akaja mgeni kutoka Brazili, bwana wa kahawa,
anatafuna buni mbichi na kuitema kwenye leso.
Alimwachia santuri ya kwao. Tukatia betri mpya, tukasikiliza:
ngoma zinatetemeka, mtu anacheka huku analia
kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua.
Aminieli aliirudia mara tatu. Kisha akasema,
"Hawa nao wanachambua buni."

Na kweli. Ulikuwa ule mwendo wa akina mama wa kiwandani,
vidole, ungo, vidole, ungo,
mbovu hii, nzima hii, mbovu.
Usiku ule aliandika nyimbo nne. Akauza tatu.

Wa nne sijauona.

Tulimzika kihambani, kati ya migomba, masika imeshika.
Kwaya iliimba vizuri. Mchungaji alimtaja
mtumishi wa mizani miaka thelathini na mmoja,
hakupunja mtu.

Mjane alinipa risiti zote ndani ya mfuko wa sukari.
Nazisoma jioni kibarazani Pasua, miwani imefungwa uzi.
Wino umevuja, mbele imeingia nyuma.
Kuna mahali pameandikwa: arobaini na saba, pungufu.
Sijui kama ni kilo,
au deni,
au ndio ule wa nne unaanza.