Koki ya Kibanda cha Juu

Aikaruwa, goti langu limekataa mlima mwaka huu,
kwa hiyo mfuko wa spana unakwenda bila mimi.
Usinicheke. Nimeukagua mara tatu:
spana mbili, msumeno wa chuma,
katani ya kufungia uzi wa bomba,
washa za ngozi nilizokata mwenyewe
kutoka kiatu changu cha harusi. Cha kushoto.

Hapa Kiboriloni umefunga koki mia
na maji ya hapa hayana kisasi.
Ukikosea yanadondoka, jirani anagonga mlango,
unarudi na katani, mnakunywa chai.
Kule juu maji yana usiku.
Jua likizama yanakaa kimya ndani ya bomba,
yanajikunja, halafu yanajinyoosha,
na chuma hakijawahi kumshinda
anayejinyoosha polepole.

Mara ya kwanza nilipanda na kiburi cha mjini.
Nikaisimamisha koki nje ya kibanda, inang'aa,
wagumu wakanipigia makofi, wakajaza madumu,
nikalala kama bwana harusi.
Alfajiri bomba lilikuwa limepasuka kwa urefu
kama ganda la njegere.
Halikuvuja hata tone. Hilo ndilo lililonidanganya:
barafu huziba jeraha lake yenyewe.
Saa nne, jua lilipofika, ndipo likaanza kulia.

Wagumu arobaini walikuwa wameshavunja barafu ya kijito kwa mawe
na kuiyeyusha kwa mafuta ya taa
waliyoyapandisha kwa migongo yao.
Hakuna aliyenitukana.
Mmoja tu, Ndekirwa wa Mamba, alinipa kikombe kinachonuka moshi:
"Fundi, karibu chai ya koki yako."
Miaka thelathini na mmoja, bado naimeza.

Basi sikiliza.
Valvu usiiweke nje. Ifukie.
Chimba hadi mkono uzame mpaka kwapani,
huko ambako udongo haujui kwamba kumekuchwa.
Koki ya nje iwe mdomo tu.
Bomba liiname kidogo, kama mtu anayemsalimia mkwewe,
lisiwe na tumbo mahali popote;
tumbo hukusanya maji, na maji yaliyokusanyika,
aa, umeshaelewa.
Mpira wa kuoshea vyombo, ule mwekundu, uchomoe kabla ya giza.
Wapishi watalalamika. Uchomoe.
Saa kumi na mbili jioni: funga chini, kisha fungua juu,
uiache koki wazi, itapike yote.
Itanyonya hewa kama mtoto anayemaliza uji.
Usiondoke. Vidole vitakuuma, usiondoke.
Subiri ule mkoromo wa mwisho.

Kuna mti kule, jina lake la kitabuni silijui,
ambao hauvui majani yake yaliyokufa.
Umeyavaa toka shinani hadi shingoni
kama koti la mitumba la soko la Memorial, zito, baya, la kuokoa.
Niliutazama nusu saa, wagumu wakadhani ninaomba.
Safari iliyofuata nilipanda na gunia
la majani makavu ya migomba ya kihamba cha mama,
nikalivisha bomba, nikafunga kwa mpira wa baiskeli,
juu yake turubai.
Gunia la mwaka huu liko nyuma ya mlango.
Ni jepesi. Litakuwasha shingoni.

Keshokutwa jioni nitakuwa uani.
Mlima ukijifunua nitautazama,
ingawa kutoka hapa hauoneshi koki ya mtu.
Mama Shirima atauliza kwa nini nimefunga maji ya nyumba nzima
na kuliacha bomba la uani wazi, bila ndoo,
joto lote hili la Moshi.
Nitamwambia anyamaze kidogo.
Mkoromo wa mwisho bado.