Tundu la Kumi na Tano

Kaka yangu Endel alinifunza: chenga za kioo hazina macho.
Zikipulizwa hazijui kutu wala kisicho kutu,
na penye upenyo huingia bila hodi.

Basi naanza na mafuta ya taa.
Nusu mbili za kasha la krenki ndani ya karai,
mswaki mkuukuu, kucha zangu,
masizi ya miaka thelathini yakiachia polepole.
Kisha maji ya moto na sabuni, mara mbili.
Kisha oveni, juu ya trei ya mikate,
maana Aivar mwenye mashine ya kupuliza
hapokei kitu kinachoteleza mkononi.

Nje, Võru imefunikwa theluji hadi vitasani.

Sasa kuziba.
Bolti mbovu kwenye kila tundu lenye hesi,
vizibo vya chupa za Krismasi nimevichonga kwa kisu,
utepe mzito, tabaka tatu, pale gasketi itakapolala.
Na njia za mafuta, nyembamba kama mshipa wa mtoto:
matundu kumi na manne, nahesabu kwa kidole.
Karakanani methali ni fupi:
usipoziba tundu, utajenga injini.

Nyuma ya kiti cha beringi, tochi ikipita,
naliona la kumi na tano.
Nachokoa kwa waya wa gitaa.
Zinadondoka kiganjani shanga tatu,
ndogo kuliko chumvi, zinameta.

Kioo. Cha mwaka ule.

Mwaka ule injini ilikwama kilomita sita kutoka nyumbani,
pikipiki ikamtupa Endel mtaroni, nyonga ikavunjika,
na tangu hapo husema mbele za wageni, akicheka nusu:
"Ni yale mafuta rahisi aliyonunua Helmi."
Nami niliamini. Nilikuwa na miaka kumi na sita
na chenji niliilia peremende.

Fimbo yake inagonga mbao za ukumbini.
"Umepata nini huko?"

Amesimama mlangoni na vikombe viwili vya chai
kwa mkono mmoja, vinagongana.

"Uchafu tu."

Nachonga kizibo kidogo kuliko vyote,
nakisukuma mpaka kikaze.
Nahesabu tena, kwa sauti, ili asikie:
kumi na matano.

"Kumi na manne," ananisahihisha,
na kuniwekea chai karibu na karai.