Kwangua Nusu Tu

Mota ya cherahani yangu iliungua
kumi la mwisho la Ramadhani,
na magauni kumi na moja ya watu yamo kikapuni.
Ilitoa moshi mwembamba, wa buluu,
harufu yake ikazishinda karafuu
alizoanika Bi Mize uwani kwake.
Nikarudi kwenye kanyagio. Nilikanyaga hadi Idi,
nyonga ikanitajia umri wangu.

Mota sikuitupa. Nani hutupa shaba?
Niliifunga kitambaa, nikaisukuma chini ya kitanda
pamoja na vitu vingine
vinavyomngoja Shaame arudi kutoka Sohar avitengeneze.

Leo Zuwena kaifungua.
Ana miaka kumi na miwili, ana wembe wangu,
ana daftari la skuli lenye mchoro alionakili ubaoni,
mishale inapindana kama vidole vya watu wawili.
Anavuta waya kutoka tumboni mwa mota,
mwekundu kama hina iliyokoza:
"Huu umeungua. Huu umeungua. Huu mzima."
Anauzungushia kwenye betri nene ya tochi,
mizunguko ishirini, anahesabu kwa sauti,
akikosea anafumua (hilo kalirithi kwangu).
Sumaku kaitoa kwenye spika ya redio iliyokufa.
"Mama, nipe pini."
"Pini gani?"
"Mbili. Za ushungi."
Nikazichomoa kichwani,
nikausukuma mlango kwa mguu.

Akazisimamisha, kila ncha ya betri na pini yake,
akazikaza kwa mpira wa tairi la baiskeli.
Kitanzi cha shaba kikakaa katika vitundu vyake,
juu ya sumaku.
Akakisukuma kwa kidole.
Kikatetemeka. Kikasimama.
Tena. Kikatetemeka, kikashika njia, kikaghairi,
kama mtu aliyefika gatini
akakumbuka kitambulisho kipo nyumbani.

"Nimekwangua kote," akasema.
"Si ndiyo vizuri? Umeme upite."
"Ukipita wakati wote, sumaku hukivuta
halafu hukirudisha palepale.
Nusu ya mzunguko isipate kitu, Mama.
Kijiendee chenyewe."

Akavunja, akaanza upya.
Akaulaza waya mezani,
akakwangua upande wa juu tu,
wa chini akauacha na vanishi yake,
wembe ukilia kidogo kidogo.

Mimi nilikuwa katika hesabu nyingine.
Mfunguo mosi ilikuja pesa.
Mfunguo pili, kimya.
Mfunguo tatu ikaja pesa na sauti yake simuni,
na nyuma yake watu wakicheka
kwa lugha nisiyoijua.
Mfunguo nne, kimya.
Mawifi huniuliza, "Unaishije?"
Nikiwajibu "Alhamdulillahi"
hudhani nawafanyia adabu.

Kikazunguka.
Alikigusa mara moja, kikaondoka mbio,
waya haukuonekana tena kuwa waya,
ukawa tungule moja nyekundu, tupu ndani,
inayoelea juu ya meza yangu ya kukatia nguo,
na mlio wake kama wa nzi chupani.
Zuwena hakupiga kelele.
"Sasa kinasukumwa," akanong'ona,
"sasa hakisukumwi, sasa kinasukumwa, sasa haki..."
ulimi ukashindwa, chenyewe kishampita.

"Hakiwezi kushona," nikasema.
"Hakiwezi hata kusogeza unyoya."
Tukacheka hadi Bi Mize akagonga ukuta.

Betri ilikwisha kabla ya adhana ya alasiri.
Akanirudishia pini zangu,
moja imepinda, zote mbili zina moto.
Mteja alikuwa akibisha hodi na kitambaa chake.
Nikafungia ushungi ile iliyopinda,
upande wa sikio,
nikaenda kufungua
huku bado inaniunguza.