Kata ya Cwm Derwas

Kaskazini imepakana na mlima usio na jina moja:
wa bonde hili wanauita Kipara,
wa bonde la pili, Mgongo wa Nguruwe.
Mashariki, bwawa. Chini ya bwawa kuna mitaa miwili,
kanisa, na tanuri la mikate la bibi yake Mererid.
Kusini, barabara ya upana wa gari moja au kondoo mmoja;
wakikutana, gari ndilo hurudi nyuma.
Magharibi ni mvua.

Eneo: maili za mraba kumi na tisa.
Ukiipiga pasi miinuko yote, zitafika thelathini.

Shule: watoto kumi na mmoja, walimu mmoja na nusu.
Nusu ni Gethin, anayekuja Jumatatu
na kuondoka Jumatano adhuhuri.
Makanisa matatu: moja la ibada,
moja la kuwekea majani makavu,
moja linauzwa, na kibao chake kimemzeekea dalali.

Kondoo hawamo katika sensa.
Idwal Prosser anao elfu moja na mia tatu.
Huwahesabu kwa Kiwelisi;
deni la benki hulihesabu kwa Kiingereza.

Mimi ndiye muuguzi, na idadi naijua kwa njia nyingine:
magoti mabovu arobaini,
mioyo miwili inayorukaruka kama ndama aliyefunguliwa,
nyumba saba ambamo kitanda kimeshuka sebuleni
na hakitapanda tena.
Mimba moja, ya Nesta, haijatangazwa,
kwa hiyo sijaitaja.

Usiku wa sensa niliijaza fomu kwa wino,
kwa mwandiko wa shule ya Chumbageni,
kama mtu anayeandika barua ya posa.
Lugha yako kuu? Kiswahili.
Majedwali yakatoka mwaka uliofuata.
Kiwelisi: mia moja thelathini na mmoja.
Kiingereza: sabini na wawili.
Kipolandi: watatu.
Jumla: mia mbili na sita.
Kiswahili: sufuri.

Nikapiga simu. Kijana wa takwimu, mpole,
akanieleza kwamba palipo na mtu mmoja pekee
tarakimu huchanganywa kidogo,
mtu akasogezwa kata ya jirani, asitambulike.
"Ni kwa ajili ya kukuficha, mama."

Kunificha!
Mimi ambaye nikinunua ndizi Jumanne
Jumatano naulizwa kama zimeiva.

Nikaitafuta kata ya jirani, na kweli nipo:
Llanferin. Kiswahili: mmoja.
Kule sina hata mgonjwa.
Namwaza huyo mwenzangu wa karatasini,
nazi anaipata wapi,
na asubuhi, shikamoo yake
anaiangusha mlangoni kwa nani.

Nilimsimulia Idwal nikimfunga bandeji ya kifundo.
Hakucheka. Akageuka dirishani, kidole mbele,
akaanza kuhesabu watu, nyumba kwa nyumba,
kwa ile lugha ya kondoo, polepole,
kutoka daraja hadi lango la juu.
Kwangu kidole kilisimama kidogo, kisha kikaendelea.
Mia mbili na wanne, akasema,
na akaegemea kiti kama aliyemaliza kazi.

Alikuwa amewasahau Wapolandi.
Nikamkumbusha.
La Nesta sikuweza.