Keki ya Sufuria, Kaptembwo

Unga vikombe viwili, kile kikombe kisicho na mkono.
Sukari nusu; iliyobaki ni ya chai ya kesho.
Mayai yalitakiwa mawili. Hilo moja nililokuwa nalo
nililipiga mpaka likasahau upweke wake.
Siagi ya kupimiwa, ya shilingi ishirini.

Mchanga ndani ya sufuria kubwa, ndogo juu yake,
makaa kwenye kifuniko, machache.
“Usifunue,” nikamwambia Nyaguthii.

Akafunua.

Ikabonyea katikati.
Mimi kimya, napiga hesabu ya hasara,
yeye anaizungusha kidole ukingoni:
“Mama! Umetupikia Menengai!”

Tukaila tukiteremka polepole
hadi kule shimoni, kulikobaki kubichi kidogo.
Huko ndiko tulikogombania.