Upande wa Pili

Baba hakuwahi kumwona mfalme.
Wala fundi wa London aliyechonga uso ule
kwenye chuma cha muhuri: nukta mbili, macho;
mistari mitatu, ndevu; taji,
kama kitana kilichopinduliwa.
Mfalme akifa tulirudisha vyuma vya zamani,
tukalipia vipya. Nukta mbili. Mistari mitatu.
"Huyu naye," Baba alisema, "kafanana na marehemu,
na marehemu hakufanana na mtu."

Kazi yangu ilikuwa kushika.
Chuma cha chini kimezama gogoni,
kibati cha fedha juu yake, chembamba kama ganda la kitunguu,
chuma cha juu ngumini mwangu,
kisha Baba, nyundo. Pigo moja.
Ukipiga mawili mfalme anaota pua ya pili.
Nilijifunza kutopepesa.

Upande mmoja yeye, aliyekaa mbali.
Upande wa pili msalaba, na kuuzunguka herufi:
ARNKETIL WA LINCOLN.
Baba hakujua kusoma. Alilijua jina lake kwa kidole gumba,
kama ulimi unavyolijua jino lililovunjika.

Sokoni, Gunnvor muuza samaki
aliikata sarafu kwa mkasi, akiufuata msalaba:
nusu, kisha robo.
Nimemwona mfalme akigawanywa kwa mikunga miwili,
sikio likabaki kwa Gunnvor, taji likarudi nyumbani nasi.
Hakuna aliyeitwa mhaini.

Fedha ni fedha, watu husema.
Mwaka ule ngano ilipoozea shambani
askari walilia kwamba mshahara wao ni bati.
Wakaitwa wote ambao majina yao yako upande wa pili.
Baada ya Noeli, theluji ikiwa magotini,
Baba alikwenda na mikono miwili.

Mkono mtupu haulambwi, hilo tunalijua.
Ule wa nyundo waliupigilia misumari
juu ya mlango wa karakana.

Alichanganya shaba?
Aliyeshika mizani ni mimi, Tola. Usiniulize.

Vyuma vipya vimekuja Jumanne.
Nimempelekea sarafu ya kwanza pale mekoni,
ingali na joto. Hakuutazama uso.
Ameigeuza, akaipapasa kwa gumba la kushoto,
polepole, akazunguka mara mbili.
"Jina hili fupi."
"Ni la Ulf," nikasema. "Mume wangu."
Akanirudishia.
"Basi mwambie Ulf
aanze kujifunza kulia chakula kwa kushoto."