Shaba Haivutwi

Ufunguo wa Shangazi Somoe ulianguka kisimani Alhamisi,
ua wa nyuma, Mkomani, adhuhuri haijaadhiniwa,
nikaitwa mimi kwa sababu ni fundi wa feni,
na mtaa huu unaamini anayefufua feni
kisima hakimshindi.

Nilikuwa na boliti moja, nene kama kidole gumba,
na waya niliouchuna kwenye mota iliyoungua,
shaba ndani, vanishi nje, nyembamba kama ngozi ya kitunguu.
Nikazonga. Lali akahesabu.
Mia na hamsini akapiga chafya, tukarudi mia,
mpaka mia tatu na kitu.

"Mbona nyingi hivyo?"
Umeme ukipita, nikamwambia, waya hauwi peke yake:
kuna kitu huuzunguka, hukioni,
kama udi unavyokizunguka chetezo.
Zongo moja ni mnong'ono.
Mia tatu ni mtaa mzima ukitamka neno moja.

"Na boliti ya nini?"
Ndani ya chuma mna visumaku visivyo idadi,
kimoja kinatazama ukuta, kingine njia, kingine kinasinzia,
ndiyo maana boliti ya dukani haivuti hata pini.
Washa swichi, ni kama mtu amekimu sala:
bega kwa bega, safu zinanyooka,
wote wana upande mmoja wa kuelekea.

Tukaifunga kwa tyubu ya baiskeli, maji yasiingie,
tukaazima betri ya sola kwa Famau wa duka la simu,
tukateremsha.

Ukapanda mkono wa ndoo, bila ndoo.
Ikapanda misumari mitano, kutu tupu.
Kisha kisu cha kuparia samaki,
kile kile alichomfukuzia Nyevu, mwaka wa mvua kubwa,
akisema kakiiba.
Shangazi akakipokea. Akakigeuza. Hakusema kitu.

Ufunguo haukuja.
Ndipo nikauliza nililopaswa kuuliza mwanzo: ni wa nini?
"Wa shaba njano. Marehemu aliagiza Mombasa, na kasha lake."
Nikakaa chini kwenye sakafu iliyolowa.
Shaba haivutwi, Shangazi.
Waya huu unaobeba nguvu zote
ukiuleta mbele ya sumaku, hauitiki.
Wala dhahabu. Wala fedha yako ya mkononi.
Sumaku ni maskini wa jamaa:
inamjua chuma, na ndugu zake wawili watatu.

Lali akasema, "Kwani ulifungwa na nini?"

Kipete. Kipete cha chuma, cha hatamu ya punda.

Mara ya nne kamba ikawa nzito kidogo tu,
na ufunguo ukatokea ukining'inia kwa kipete,
ukichuruzika maji,
kama mtu aliyeingia harusini kwa kadi ya mwenzake.

Tangu siku ile nasikia vibaya, au vizuri, sijui.
Feni ikizunguka, nasikia koili zikipokezana kusukuma.
Muadhini akiita, nafikiria uzongo mdogo nyuma ya pembe,
unavutwa, unarudishwa,
ukitikisa utando mpaka utando useme.
Na kengele ya shule, ile ya ajabu:
nyundo inavutwa, na kwa kuvutwa inajikatia umeme,
inaanguka, inaungana, inavutwa tena.
Kulia kwake kote ni kule kukatika.

Lakini nilikuwa kisimani.
Shangazi alitia kamba mpya, akauvaa ufunguo shingoni.
Kasha hakulifungua, nami sikuuliza.
Akanitazama nikizima swichi:
misumari minne ikadondoka, tii, kwenye sinia.
Mmoja ukabaki umeshika.

"Umeme si umezima?"

Nimezima. Chuma hukawia kusahau, ndivyo kilivyo.
Nikanyoosha mkono niubandue.

"Uache," akasema.
Akaenda kutafuta namba ya simu ya Nyevu.